Naomba ushauri: babu mdogo "alipotea" baharini 1944, bibi bado anamhesabu mateka. Tumwambieje?

Mjukuu wa Pangani:
Wakuu, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie.

Babu yetu na mdogo wake waliingia jeshini wakati wa vita vya Hitla. Babu alikuwa keya (askari wa King's African Rifles), akapigana Burma na Divisheni ya 11, akarudi 1946 na kikohozi na koti moja. Mdogo wake aliwekwa kwenye mizinga. Alipanda meli Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944 na habari zake zikaishia hapo. Mama yao aliletewa barua, karani wa bomani akamsomea: "amepotea baharini." Neno hilo ndilo lililotuponza. Aliyekufa huzikwa, aliyepotea hutafutwa. Kisha askari mmoja aliyerudi akasema Wajapani walikuwa wakiokota watu majini na kuwatia kwenye nyambizi. Basi ikawa hivyo: kijana ni mateka, ipo siku ataachiwa.

Mama yao alikufa na imani hiyo. Matanga hayakukaliwa, hitma haikusomwa. Amebaki dada yao, bibi yetu, anayekaribia miaka 90. Kuna minazi 14 ambayo ni fungu la babu mdogo. Nazi zikiangushwa bibi anauza, hela anazitia kwenye kopo la peke yake. Mwaka huu ndugu wanataka shamba ligawanywe. Bibi anasema mwenyewe hajarudi. Wapo wanaonong'ona kwamba tusubiri bibi aondoke kwanza, na hilo mimi linanikaa kooni.

Mnaojua, ilikuwa meli gani? Yawezekana kweli alitekwa? Na mzee wa umri huo unaanzaje kumwambia?

Kopo Tupu:
Miaka 80 mkuu! Mateka gani huyo? Gaweni shamba, bibi mpeni haki yake, maisha yaendelee.

Chausiku:
@Kopo Tupu umeulizwa ushauri, hukuulizwa hesabu. Kama huna la kusema pita.

Mzee wa Gati:
Kijana, kama alikuwa wa mizinga na aliondoka Kilindini wakati huo, kwa karibu hakika ni Khedive Ismail. Msafara uling'oa nanga mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo, meli tano za askari. Ndani ya Khedive Ismail kulikuwa na Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, vijana wa Tanganyika, Kenya na kwingineko, pamoja na mabaharia wa Kiingereza na manesi wengi. Jumla watu 1,511.

Jumamosi tarehe 12, mchana, kusini mwa Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili, yaani makombora ya majini. Meli ilikwenda chini kwa dakika mbili hivi. Mbili, si ishirini. Wengi walikuwa ndani, wengine wakitazama tamasha la muziki, hata ngazi hawakuziona. Walikufa watu 1,297. Waliopona ni wanaume 208 na wanawake 6.

Sasa hilo la mateka. Huyo askari hakusema uongo mtupu. Nyambizi za Kijapani zilizotokea Penang, Malaya, ziliwahi kuzamisha meli na kumchukua nahodha au ofisa wake. Lakini I-27 siku ile haikurudi popote. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliiwinda mchana uleule. Paladin iliumia, Petard ikarusha torpedo moja baada ya nyingine, na ya saba ikaipasua. Haikupata wasaa wa kuokota mtu.

Kuna jambo jingine, ila sijui kama bibi alisikie.

Kivumbi wa Machakos:
Acha nilisema mimi, maana mzee wetu alikuwa humo.

Babu yangu alikuwa juu kwenye deki, ndiyo sababu mimi nipo. Alisema alijikuta majini kabla hajajua kumetokea nini, ameshika kipande cha mbao na wenzake wawili. Waliona manowari inarudi, wakashangilia. Kumbe nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari ikapita katikati ya watu ikidondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji. Mmoja wa wale wawili alilegea tu, hana hata jeraha. Babu alipelekwa Addu Atoll, visiwa vya kusini mwa Maldivi, na waliookolewa wengine. Tumbo lilimsumbua mpaka anakufa, na kila tulipompigia makofi kwa furaha, hata harusini, alikuwa anainuka anatoka nje.

Ndugu, hiyo sehemu usimpelekee bibi. Akiuliza usimdanganye, lakini usiianze wewe.

Mjukuu wa Pangani:
Nimesoma nikaenda kukaa nje kidogo. Asanteni. @Kivumbi, poleni sana kwenu pia.

Ustadh wa Mtaa wa Pili:
Aliyekufa maji, kwa mujibu wa hadithi, ni katika mashahidi. Mwambieni bibi hilo mapema, kabla ya mambo ya minazi. Na sisi Mashafii tunaswali swala ya ghaibu. Maiti asiyekuwepo anaswaliwa, umbali si hoja. Kuhusu fungu lake: mali ya aliyepotea haigawanywi kwa maneno ya baraza. Nendeni mahakamani na ushahidi wa meli na wa jina, kifo kitamkwe. Warithi watahesabiwa kufuatana na hukumu hiyo, na bibi yumo. Kwa hiyo hao wanaosubiri "aondoke" waambie waogope Mungu.

Mzee wa Gati:
Kuhusu jina: askari wa Afrika Mashariki waliopotea na meli ile wameandikwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, pembeni ya Ngong Road. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye intaneti, unatafuta bure. Tafuta kwa tarehe na kikosi, usitegemee jina peke yake. Makarani wa Kizungu walikuwa wanaandika walichosikia.

Chausiku:
Msiende wengi. Kikao cha wanaume saba na makaratasi atajua mmekuja kwa shamba. Nenda wewe, kaa naye jikoni, umwombe akusimulie kakaye alivyokuwa. Akimaliza ndipo useme ulichopata.

Mjukuu wa Pangani:
Wakuu, mrejesho. Nilikwenda juzi, nikafanya kama alivyosema dada Chausiku. Amesimulia kutwa: kaka alivyokuwa akipiga mbizi pale mto unapoingia baharini, alivyomwachia kanzu aikunje hadi arudi. Nikamweleza meli, siku, na ile nyambizi kuzama mchana uleule. Akaniuliza, "Ile ya Wajapani nayo? Siku hiyohiyo?" Nikasema ndiyo bibi. Akakaa. Kisha akasema, "Basi hawakumtesa."

Kumbe miaka yote hiyo sisi tulidhani anasubiri, kumbe alikuwa anaogopa.

Swala ya ghaibu amekubali, Ijumaa ijayo. Hela za kopo amesema ndizo za hitma. Minazi bado, ameniambia nisimharakishe, na sitamharakisha.

Jina mtandaoni sijaliona. Kuna moja linafanana, limeanza na herufi nyingine. @Kivumbi, kama utafika Ngong Road, nakutumia kwa faragha, unipigie picha ya ukuta.