Ushauri: Kitambaa cha spandeksi kimerudi kutoka kwa mtia rangi kina mistari ya mlalo. Nimkate malipo?

Kitanzi
Wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri, nimekwama na usingizi sipati.

Nafuma singo jezi (kitambaa chepesi cha vitanzi, kama cha fulana) ya pamba na spandeksi, ule uzi unaovutika, kwa ajili ya taiti za mazoezi. Mashine ya duara, kipenyo inchi 30, geji 24 (sindano 24 kwa inchi), fida 90 (sehemu 90 za kuingizia uzi, kila moja inafuma mstari wake). Pamba namba 30, spandeksi denia 20 (namba na denia ni vipimo vya unene wa uzi), inaingia kila fida. Kitambaa kikiwa kibichi nilikipitisha kwenye taa ya ukaguzi, sikuona kasoro. Kimekwenda kutiwa bluu ya wastani, kimerudi kina mistari ya kukingama jora zima. Mteja amekikataa.

Swali langu ni moja tu: nina haki ya kumkata mtia rangi malipo? Kwangu kilitoka kizima.

Sindano Kavu
Pole sana mkuu. Mimi yalinikuta yanayofanana. Spandeksi ilikatika kwenye fida moja, na kijana wa zamu alikuwa ameizima sensa (kifaa kinachosimamisha mashine uzi ukikatika) kwa sababu "inasimamisha mashine ovyo". Mashine ikaendelea kufuma pamba peke yake pale. Mstari ule ukalegea na kuvimba, ukigusa kwa kidole unausikia. Tangu siku hiyo anayegusa sensa bila kuniambia hana kazi kwangu. Vijana wa siku hizi wanataka kilo tu, ubora hawaujui.

Kitanzi
Sensa zangu zinafanya kazi. Na nimechomoa mistari kadhaa kwa sindano upande wa mgongo wa kitambaa, spandeksi ipo kila mahali. Nauliza kuhusu mtia rangi.

Mtoto wa Geji
Bluu yenye mistari? Huyo ni pundamilia wa mazoezi mkuu, mtafutie mteja wa mbuga 😂

Bi Mshono
Mwanangu, kabla ya kumkata mtu malipo, umemwita ukakaa naye? Kazi hizi zinakwenda kwa kuaminiana. Leo unamkata, kesho unamhitaji akusukumie oda ya haraka, atakutazama tu. Mpigie simu kwanza.

Fundi Stenta
Kitanzi, nimefanya kazi ya kumalizia vitambaa kwa miaka mingi, niruhusu nikuulize mambo mawili.

La kwanza: kilitulizwa kwa joto kabla ya kutiwa rangi? Kitambaa cha pamba na spandeksi kinapita stenta (mashine ya joto inayokishika kitambaa kwa upana) kati ya nyuzi joto 185 na 200 kwa chini ya dakika moja, ili spandeksi ilale na upana ukae. Usipofanya hivyo kinajikunja pembeni, kinajibana, na ndani ya mashine ya rangi kinashika makunyanzi ambayo hayatoki tena.

La pili: makunyanzi ya mtia rangi hukimbia kwa urefu wa kitambaa, au hutawanyika bila mpangilio. Mstari wa kukingama unaojirudia kwa umbali uleule ni jambo lingine kabisa. Kitambaa kinatiwa rangi kikiwa kimekusanyika kama kamba na kinazunguka ndani ya maji. Maji hayo hayajui fida ya kwanza iko wapi na ya tisini iko wapi.

Chukua kioo cha kuhesabia nyuzi. Hesabu mistari ya vitanzi kutoka alama moja hadi inapojirudia. Ukipata 90, hiyo ni duru moja ya mashine yako. Rudi ukatazame kilichomo kwenye fida.

Kitanzi
Kilitulizwa kabla ya rangi, ninayo karatasi yake. Nimehesabu, inajirudia kila 90. Ila si mstari mmoja. Ni kundi, mistari kama 30 inayofuatana imekoza, inayobaki imepauka kidogo. Ndiyo maana nasema ni rangi haikushika sawa.

Halafu maabara ya mteja imepima: pamba 95, spandeksi 5. Sawasawa na nilichoahidi. Kwa hiyo nyuzi zangu hazina tatizo.

Fundi Stenta
Fida 30 zinazofuatana zina nini ambacho zile 60 hazina?

Kitanzi
Hazina tofauti. Spandeksi ni denia 20 zote. Mvuto (spandeksi inavutwa mara ngapi ikiingia) ni uleule, mkanda mmoja ndio unaozungusha roli zote za spandeksi.

Mzee Bobini
Vijana mna bahati. Sisi tuliowahi kushika nguo za mpira tunajua adha yake: mzito, haupendi jasho, na ukizeeka unakatika vipande. Spandeksi ilibadilisha mambo. Joseph Shivers wa DuPont ndiye aliyeipata mwaka 1958, kule Waynesboro, Virginia. Ukiiangalia kikemia ni poliurethani yenye sehemu laini zinazovutika na sehemu ngumu zinazoishika isitawanyike, kwa hiyo unaivuta mara tano ya urefu wake na inarudi. Lakini si ya milele. Klorini inaila, joto la kupita kiasi linaichosha. Na bobini iliyokaa sana stoo hunata, nyuzi zinashikana zenyewe, ikifunguka inavuta kwa mshtuko.

Kitanzi, bobini zako zina umri gani?

Sindano Kavu
Swali zuri la mzee. Na ni za loti moja, yaani zilitengenezwa pamoja?

Kitanzi
Sioni uhusiano. Kitambaa kibichi kilikuwa safi, nimesema.

Bi Mshono
Mwanangu, umeulizwa na wazee wawili na hujajibu. Loti moja au loti mbili?

Kitanzi
Basi nijibu. Katoni zangu ziliishia katikati ya oda. Msambazaji alisema mzigo mwingine unachelewa na mteja alikuwa ananisukuma. Kulikuwa na kiwanda kinafunga idara yake ya ufumaji, kinauza masalia, nikachukua bobini huko. Katoni zilikuwa hazina lebo, lakini muuzaji alinihakikishia ni denia 20. Nikaziweka kwenye fida zilizokuwa wazi, zikatosha theluthi ya mashine.

Na kabla hamjanirukia: zilifunguka vizuri, hazikukatika, hazinati. Mimi si mgeni wa kazi hii. Ningesimamisha mashine nikapoteza mteja? Denia 20 ni denia 20, iwe ya huyu au ya yule. Oda iliyobaki iko mashineni sasa hivi na inakwenda vizuri tu. Na barua ya kumkata mtia rangi nimeshaituma, nilitaka kujua kama kisheria nimesimama vizuri.

Sindano Kavu
Yaani barua imeshakwenda ndipo unaomba ushauri?

Fundi Stenta
Simamisha mashine, Kitanzi. Nasema kwa nia njema. Hata kama zote zingekuwa denia 20, watengenezaji wawili au loti mbili hazina nguvu sawa ya kurudi. Ile yenye nguvu zaidi inakaza kitanzi chake, vitanzi vinasongamana, pamba inaonekana imekoza. Kwenye kitambaa kibichi rangi ya pamba yenyewe inaficha. Ukitia bluu ya wastani au kijivu, kila kitu kinatoka. Ndiyo sababu bobini za loti tofauti hazichanganywi kwenye mashine moja, na katoni ya zamani inatumika kabla ya mpya.

Jicho Kali
Wakuu, samahani, ila mada hii imetungwa. Nimekuwa nikisoma kimya na hesabu haifungi.

Kitanzi, taja urefu wa kitanzi na mvuto wa spandeksi.

Kitanzi
Milimita 2.9. Mvuto 2.8. Na sijatunga chochote.

Jicho Kali
Haya. Pamba namba 30 ni desiteksi 197 (gramu kwa kila mita 10,000 za uzi). Spandeksi ya denia 20 ni desiteksi 22. Ukiivuta mara 2.8, inayoingia kwenye kila kitanzi ni 22 gawanya kwa 2.8, yaani 7.9. Jumla na pamba ni 204.9. Asilimia ya spandeksi ni 3.8. Maabara gani ilikupa 5? Kwa mashine unayoieleza, 5 haipatikani. Ama maabara hakuna, ama mashine hakuna. Mtu amekaa mahali anajaribu kuokota maarifa ya bure kwa kututungia kisa cha huruma.

Mtoto wa Geji
Nilijua tu. Mada za usingizi sipati huwa zinaishia hivi.

Sindano Kavu
Kama ni hivyo wasimamizi wafunge. Nimeandika kisa changu cha kweli hapa, kumbe namwandikia mtunzi.

Kitanzi
Nimeumia sana kusoma haya. Mashine iko hapa inapiga kelele nikiandika. Karatasi ya maabara ina mhuri. Ningekuwa natunga, kwa nini nitunge kisa kinachoniaibisha mbele ya watu wa kazi yangu?

Bi Mshono
Jicho Kali, maabara inaweza kupotoka kidogo. Usimvue mtu utu kwa asilimia moja.

Jicho Kali
Bi Mshono, kutoka 3.8 hadi 5 ni kama theluthi zaidi ya spandeksi yote. Hilo si kupotoka.

Mzee Bobini
Ngoja. Theluthi zaidi. Na bobini za masalia ziko kwenye theluthi ya fida.

Jicho Kali, rudia hesabu yako. Safari hii fida 60 uzipe denia 20 na fida 30 uzipe denia 40.

Jicho Kali
Wastani wa desiteksi unakuwa 29.3. Gawanya kwa 2.8, ni 10.5. Jumla na pamba 207.5.

Asilimia 5.0.

Kitanzi, nafuta neno langu. Kisa hakijatungwa. Bobini zako za masalia si denia 20.

Fundi Stenta
Na hapo mistari 30 iliyokoza inaeleweka. Denia 40 kwa mvuto uleule inarudi kwa nguvu zaidi, vitanzi vya upande ule vinakazwa kuliko vya upande mwingine. Mtia rangi ameikuta hali hiyo, hakuileta.

Kitanzi
Muuzaji aliniambia 20. Nitajuaje bila maabara? Kuipima kwa kuivuta mkononi haiwezekani, inarefuka yenyewe.

Mzee Bobini
Usiivute. Mashine yako inalisha kwa roli, kwa hiyo bobini zote zinatoa urefu uleule kwa kila duru. Pima uzito wa bobini chache za kila aina kwenye mizani ya gramu, zirudishe, zungusha mashine duru 1000, zipime tena.

Kipenyo inchi 30 kwa geji 24 ni sindano 2,260 hivi. Kwa kitanzi cha milimita 2.9, pamba inakwenda mita 6.6 kwa duru, na spandeksi mita 2.3 na ushee. Duru 1000 ni karibu kilomita 2.3. Bobini ya denia 20 itapungua gramu 5 hivi. Ya denia 40 itapungua 10. Tofauti hiyo hata mizani ya kawaida ya gramu itaiona.

Sindano Kavu
Hii naiandika ukutani kiwandani kwangu. Kitanzi, yale ya wasimamizi nayafuta.

Kitanzi
Nimepima. Zangu za zamani zimepungua gramu 5. Za masalia, zote nilizopima, zimepita gramu 10. Mashine imesimama.

Lakini niseme jambo. Mtia rangi naye alikipokea kitambaa, alikipitisha stenta, alikuwa na nafasi ya kutia kipande kidogo kwanza kabla ya kutumbukiza mzigo wote. Hakufanya. Kwa hiyo sioni kwa nini nibebe peke yangu.

Bi Mshono
Hilo la kipande cha majaribio ni hoja, na unaweza kulizungumza naye mkiwa mmekaa. Ila si kwa barua ile. Barua ile inasema yeye ndiye aliyeharibu. Iondoe leo, kesho ukamwone na karatasi ya maabara mkononi.

Kitanzi
Nitakwenda kumwona. Barua nitaiongelea hukohuko.

Je, majora yaliyotiwa rangi yanaokoleka? Nilifikiria kuyarudisha yatiwe nyeusi. Na bobini za masalia nizitupe?

Fundi Stenta
Nyeusi itapunguza kuonekana, haitaondoa, kwa sababu tofauti iko kwenye vitanzi wala si kwenye rangi. Chini ya mwanga wa pembeni mistari itarudi, na taiti ikivutika mwilini ndiyo kabisa. Usimpe mteja yuleyule ukamwambia kimerekebishwa. Mwoneshe kipande kilichotiwa nyeusi, aamue mwenyewe. Akikataa, kata vipande vya ndani: bitana ya kiunoni, mifuko, mahali pasipoonekana. Cheza na hicho, lakini weka mbali na oda yenyewe.

Bobini usizitupe. Ziweke peke yake, ziandike denia 40, tarehe uliyozipima, na kwamba loti haijulikani. Usizichanganye tena na kitu chochote. Ukipata za kutosha fida 90 unaweza kufuma kitambaa kizito zaidi kwa ajili hiyo tu. Kwa pamba ileile na mvuto uleule utapata spandeksi kama asilimia 7.4, kwa hiyo lebo ibadilike, upana na uzito wa mita ya mraba upangwe upya.

Jicho Kali
Kitanzi, kabla ya kuwasha tena, ondoa bobini zote 30 hata ambazo hukuzipima. Kama za denia 20 hazitoshi kila fida, usijaze kwa kubahatisha. Weka spandeksi fida moja, ruka moja, mashine nzima, kisha fuma mita chache kama sampuli. Itakuwa nyepesi na haitavutika kama ya mwanzo, asilimia itashuka chini ya 2, kwa hiyo mteja aikubali kwa maandishi kwanza. Akikataa, msubiri msambazaji.

Kitanzi
Atakataa, namjua. Nitamsubiri msambazaji. Majora mabichi yaliyotoka kwenye mchanganyiko ule bado yako stoo, hayajakwenda kwenye rangi.

Fundi Stenta
Hayo yasiende. Kata mita moja kwenye kila jora, uzipeleke pamoja na kipande cha kitambaa ulichofuma kabla ya masalia. Zitulizwe kwa joto lilelile, zitiwe bluu ileile kwenye chombo kimoja. Ukiwa na vipande hivyo mezani, wewe, mteja na mtia rangi mtazungumza mkitazama kitu kimoja.