Mgomo wa vibarua wa bandari ya London 1889: Kadinali Manning aliumaliza au aliudandia?

Mchokozi: Kila mahali Manning, mkuu wa Wakatoliki Uingereza, anasifiwa kwamba ndiye aliyewapatia vibarua peni 6 kwa saa. Mimi nasema alikuta mgomo umeshashinda. Kilichoshinda ni fedha, karibu paundi 30,000 kutoka Australia.

Mizani: "Umeshashinda"? Angalia tarehe basi. Walianza kugoma 14 Agosti. Septemba waajiri wakakubali peni 6, ila kuanzia Januari, na vibarua wakakataa kusubiri. Sasa nani alikwenda shule ya Wakatoliki ya Kirby Street, Poplar, akiwa mzee wa miaka 81, akaibembeleza kamati ya mgomo mpaka ikakubali peni 6 ianze 4 Novemba? Tarehe 16 Septemba watu wakarudi kazini.

Bwana Shere: Kumbe kazi ya kadinali ilikuwa kusogeza kalenda 😄

Kuli: Mnang'ang'ania peni 6, mnasahau dai la kulipwa angalau saa 4 za kazi. Pale kwenye geti la bandari msimamizi akitokea, mamia wanakanyagana kwa nafasi chache. Aliyebahatika anaweza kuachishwa baada ya saa moja, mkononi ana peni 5, malipo ya zamani ya saa moja. Ndiyo maana walidai anayeitwa alipwe si chini ya saa 4, na saa za ziada ziwe peni 8. Bila hiyo saa 4, peni 6 yako ndiyo mshahara wa siku nzima.

Mchokozi: Na tumbo je? Kamati iligawa tiketi za shilingi moja za kuchukulia chakula dukani. Watu walipovamia mlango, Tom Mann, mmoja wa viongozi wa mgomo, akaegemeza mgongo kwenye mwimo mmoja, mguu akaukaza kwenye mwimo wa pili, wakapita mmoja mmoja chini ya mguu wake. Bila Australia tiketi zile ni makaratasi. Maaskofu walileta nini? Yule wa Kianglikana, Temple, askofu wa London, aliondoka zake London mazungumzo hayajaisha.

Mwana wa Canterbury: Temple kaingiaje hapa? Na huyo Manning mnayemringia alilelewa na nani? Alikuwa Arkidiakoni wa Chichester, padri wa cheo katika Kanisa letu la Kianglikana, kwa Wakatoliki kahamia 1851.

Mizani: Basi mlipoteza mtu wa maana.

Mwana wa Canterbury: Tulipoteza au mliiba?

Bwana Shere: Haya, mgomo umehamia kanisani.

Kuli: Ile saa 4 hakuna anayeijibu.