Naomba ushauri: sukari kwenye juisi ya ubuyu inazuia vitamini C?

Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa miaka sita mafua hayamwishi, yakipoa kidogo yanarudi. Nampa juisi ya ubuyu kwa sababu ubuyu una vitamini C nyingi, ila bila sukari hainywi kabisa. Sasa wifi yangu anasema sukari inaizuia vitamini hiyo isifanye kazi mwilini.

Nimesoma kwamba aina moja ya vitamini C huingia kwenye seli kwa kupitia mlango uleule wa glukosi, kwa hiyo sukari ikizidi kwenye damu vinagombania nafasi. Je, hilo linamhusu mtoto asiye na kisukari? Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, asali na juisi vikiwemo, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Huyu chai ya asubuhi tu ni vijiko viwili, bado maandazi.

Wenye utaalamu wa lishe, nipunguzeje bila ugomvi? Nikisaga na embe mbivu inafaa? Na ubuyu niuloweke tu badala ya kuuchemsha, maana joto nalo hupunguza vitamini C? Hospitali nitampeleka, ila nataka niende nikijua la kuuliza.