Tupeane uzoefu: huzuni yako uliiitaje?

Wadau, habari za jioni. Jumamosi tulisoma arobaini ya mama, hapa Temeke. Watu wameshatawanyika, turubai linashushwa, mama mdogo akanishika mkono: "Mwanangu, sasa ndiyo utaujua ukiwa." Hakusema huzuni. Neno lile halijanitoka.

Huzuni tumeipata kwa Waarabu, huzn. Ustadhi wetu wa madrasa alitueleza kuwa kwa herufi hizohizo Waarabu wana hazn, ardhi ngumu ya mawemawe inayomchosha msafiri. Siku hiyo alikuwa anatusomesha Mwaka wa Huzuni, karibu na 619, Mtume alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib. Nilikariri tu. Mwaka huu ndiyo nimeikanyaga ardhi yenyewe.

Lakini ukiwa ni kingine. Pahala palipohamwa pakabaki patupu ni ukiwa, na aliyeachwa peke yake ni mkiwa. Kikombe cha bati cha mama bado kiko juu ya mtungi. Kila alfajiri nakiondoa nichote maji ya kutawadhia, nakirudisha, sikio la kikombe likielekea dirishani kama alivyokuwa anakiweka yeye. Nyumba ina watu saba, na ni ukiwa.

Ninyi wenzangu je? Neno lipi lilikufaa?

Binti Mbagala: Pole sana kaka, Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Langu ni sonona. Mtoto alifia tumboni, miezi saba. Ndugu wote: usihuzunike, utazaa mwingine. Nikawa silii, silali, sipiki, pazia limefungwa mchana kutwa, karibu mwaka. Hospitali daktari akaniambia hii ni sonona, ni ugonjwa, na unatibika. Mimi nilijua kusononeka tu, kwa mtu anayeumia kimyakimya. Nililia palepale kwa sababu kumbe kilikuwa na jina.

Mzee wa Ilala: Poleni wanangu. Mimi hamu. Kwa Kiarabu hamm ni dhiki ya moyo, sisi tumeifanya shauku. Nilipofiwa na pacha wangu kila anayeniuliza namjibu sina hamu, wakaniletea supu. Kumbe hamu ile ya Kiarabu ndiyo niliyokuwa nayo tele.

Wa Kinondoni: Nami niongeze msiba. Asili yake musiba, jambo lililokupiga. Na tanzia tunayoisikia redioni, kwao taaziya ni kuliwaza. Sisi tumeifanya habari ya kifo, liwazo tumeliachia "pole". Sijaona neno fupi linalofanya kazi kubwa kama hilo.

Mwanzisha mada: Ahsanteni sana. Mzee, shikamoo, na pole ya pacha. Binti Mbagala, samahani dada yangu, mtoto mlimpa jina?

Binti Mbagala: Tulimwita Neema. Hakuna aliyewahi kuniuliza.