Tupeane uzoefu: kilo zinakuongezea miaka au zinakupunguzia?

Mpiga Picha
Wakuu, salaam. Kila nikiona mtu anaambiwa "punguza mwili utarudi ujana" naona ushauri umeishia nusu. Kwa wa miaka 28 ni kweli. Kwa wa miaka 52 ushauri huo huo unaweza kumzeesha ndani ya miezi michache. Wanaoshika nyuso na miili ya watu kikazi, yaani manesi wa ngozi, makocha, vinyozi, mafundi nguo, karibuni tupeane uzoefu wa kazi, siyo maneno ya kusikia.

Naanza na ya kamera. Umri kwenye picha unasomeka sehemu nne: panja, chini ya macho, mstari wa taya na shingo. Kijana mnene anaongezewa umri na taya. Mafuta yakijaa chini ya kidevu, ile pembe kati ya kidevu na shingo inapotea, na mtazamaji anaona mtu mzima. Mwembamba aliyevuka 45 shida yake iko juu: panja zimebonyea, chini ya macho kuna mifereji, mfupa wa shavu unatupa kivuli. Huyo ukimweka chini ya taa ya darini umemmaliza. Shusha taa iwe juu kidogo tu ya usawa wa macho, na weka kitu cheupe chini ya kifua kirudishe mwanga usoni. Kwa mnene pandisha taa nyuzi 45 hivi ili kivuli kiangukie chini ya taya, na mwambie asogeze paji la uso mbele huku akishusha kidevu kidogo.

Nesi wa Ngozi
Mkuu umeanza vizuri. Niongeze ya chini ya ngozi.

Mafuta ya uso si blanketi moja. Yamekaa kwenye vifuko vilivyotengana, vya juu na vya ndani. Mwaka 2007 Rohrich na Pessa walionyesha hilo kwa kuingiza rangi kwenye nyuso za maiti: rangi ilijaa kifuko kimoja na kugoma kuvuka kwenda cha jirani. Umri ukienda, vifuko vya ndani vya shavu vinanywea, mfupa unaozunguka jicho na wa taya la juu nao unapungua, na ngozi inakosa cha kuishikilia. Kolajeni, protini inayoikaza ngozi, nayo inaondoka. Kwa mwanamke, miaka 5 ya kwanza baada ya ukomo wa hedhi inaweza kuondoka na karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi. Ndiyo maana kilo 10 zikitoka ukiwa na miaka 25 ngozi inajikaza, na zikitoka ukiwa na 55 ngozi inaning'inia kwenye taya na shingo.

Utafiti ninaouamini hapa ni wa mapacha. Mwaka 2009 Bahman Guyuron na wenzake, Marekani, walitumia picha za jozi 186 za mapacha wanaofanana. Kwa walio chini ya miaka 40, pacha aliyemzidi mwenzake pointi 4 za BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) alionekana mzee zaidi. Kwa waliovuka 40 mambo yakageuka: mwenye mwili zaidi ndiye aliyeonekana kijana. Hao wamezaliwa na vinasaba vile vile, kwa hiyo hapo huwezi kusingizia ukoo.

Fundi Cherehani
Hapo kwa mapacha umegusa penyewe dada. Naunga mkono.

Kocha Vyuma
Naomba nipinge mapema kabla watu hawajaichukua hiyo ya mapacha kama kibali cha kufuga kitambi. Utafiti uliangalia USO. Umri wa mtu unasomeka pia mwilini: anavyoinuka kwenye kiti, anavyopanda ngazi, mabega yalivyokaa. Kitambi kinavuta kiuno mbele, mgongo wa chini unabinuka, hatua zinakuwa fupi na miguu inatanuka. Mtu wa miaka 33 akitembea hivyo anaitwa "mzee" kabla hajageuka.

Kipimo rahisi: kamba kiunoni isizidi nusu ya urefu wako. Una sentimita 170, kiuno kiwe chini ya 85.

Sasa namna ya kupunguza bila kuharibu uso. Shuka kwa asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wako kwa wiki. Mwenye kilo 80, hiyo ni gramu 400 hadi 800, isizidi hapo. Protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani kwa huyo huyo gramu 96 hadi 128, na igawanywe kwenye milo mitatu. Vyuma mara 2 au 3 kwa wiki: kuchuchumaa na uzito, kusukuma, kuvuta, kunyanyua kutoka chini. Seti 3 za mara 8 hadi 12, na umalize seti ukiwa na nguvu ya kurudia mara mbili tu zaidi.

Wanapokosea ni hapa: mlo mmoja kwa siku, kukimbia saa nzima kila asubuhi, hakuna chuma hata kimoja. Wiki ya kwanza mizani inashuka kwa kasi na mtu anafurahi. Lakini sehemu kubwa ni maji, kwa sababu kila gramu ya glaikojeni (sukari ya akiba mwilini) inayotumika inatoka na karibu gramu 3 za maji. Baada ya hapo msuli unaanza kuliwa. Mwisho anakuwa na mikono myembamba, shingo ya kamba, na tumbo bado lipo.

Nesi wa Ngozi
Kaka Kocha, hatupingani. Nimesema uso, wewe umesema mwili. Na vyuma vyako vinasaidia ngozi pia: watafiti wa Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, Japani, walichapisha mwaka 2023 kwamba wanawake wa makamo waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 16 walinenepa ngozi ya ndani. Wale wa mazoezi ya pumzi, kama kuendesha baiskeli, walipata mnyumbuko bora wa ngozi lakini unene haukuongezeka.

Kinyozi Bora
Kwa wanaume uzito na ndevu vinaenda pamoja. Mnene: pembeni kata fupi, juu acha urefu kidogo, ndevu za mashavuni fupi na za kidevuni ndefu zaidi. Kosa ninaloliona sana ni kuchonga mstari wa ndevu juu ya taya lenyewe. Nyama ya chini ya kidevu yote inabaki wazi. Mstari uwe shingoni, vidole viwili juu ya kikoromeo. Mwembamba aliyebonyea asinyolewe pembeni hadi ngozi, na mashavuni abakize ndevu fupi zilizojaa. Zinaziba shimo.

Msoma Lebo
Mnasahau mazoezi ya uso, yanajaza mashavu. Kujaza mashavu upepo, kutabasamu huku umebana midomo. Hayana gharama wala sindano.

Kocha Vyuma
Hayo hayayeyushi mafuta ya kidevu hata kidogo. Huwezi kuchagua mafuta yatoke wapi.

Msoma Lebo
Sijasema yanayeyusha. Nimesema yanajaza. Soma tena.

Nesi wa Ngozi
Wote mko sawa kwa sehemu. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, 2018: wanawake wa miaka 40 hadi 65, dakika 30 kila siku mwanzoni, kisha siku moja ndiyo na moja hapana, jumla wiki 20. Wastani wa umri waliokadiriwa ulishuka kutoka 50.8 hadi 48.1, na mashavu ndiyo yaliyojaa. Lakini waliomaliza walikuwa 16 tu na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Anayetaka kujaribu ajaribu, hayadhuru. Anayetegemea yaondoe kidevu cha pili atachoka bure.

Tabibu wa Zamu
Nimewasoma wote na kuna jambo hamjaligusa, na ndilo linalowaleta watu hospitali. Mtu aliyekonda haraka akaona uso umenywea, hamalizi wiki, anatafuta wa kumchoma fila, yaani sindano ya kujaza uso. Naomba msome hadi mwisho.

Fila nyingi ni jeli ya asidi ya hayaluroniki. Uso una mishipa midogo ya damu inayoungana na mshipa unaolisha jicho. Hatari kubwa iko katikati ya nyusi, puani, kwenye paji la uso na kwenye mikunjo ya kando ya pua. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya ateri na mchomaji akasukuma kwa nguvu, jeli inarudi nyuma kinyume na mkondo wa damu hadi ilipotoka tawi la jicho. Akiachia, damu inaisukuma mbele, mara hii kuelekea kwenye retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Inachukua sekunde. Mgonjwa anasema jicho linauma na limeingia giza, kope linaanguka, wengine wanatapika. Retina haivumilii kukosa damu zaidi ya takribani dakika 60 hadi 90, na wengi ambao jicho limezima kabisa hawaoni tena kwa jicho hilo.

Isipofika kwenye jicho, inaua ngozi. Kwanza sehemu inapauka, kisha inatoka mchoro wa wavu wa zambarau, na baada ya siku kadhaa vidonda vyeusi. Kwenye ngozi nyeusi mpauko hauonekani vizuri, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Bonyeza pale kwa sekunde 5, achia. Rangi isiporudi ndani ya sekunde 2 hivi, ukilinganisha na upande wa pili wa uso, kuna mshipa umeziba. Na maumivu yanayozidi baada ya kuchomwa yachukuliwe kuwa dharura, hata kama umeambiwa ni ganzi inaisha.

Tiba ni kimeng'enya cha hayaluronidezi, dozi kubwa, kinarudiwa kila saa hadi rangi irudi. Kinayeyusha jeli ya hayaluroniki TU. Kama ulichomwa silikoni au mafuta ya chupa yasiyojulikana, hakuna cha kuyeyusha. Kwa hiyo kabla sindano haijagusa ngozi uliza: ni dawa gani, boksi lifunguliwe mbele yako, na hayaluronidezi iko wapi. Akijibu kwamba kwake haihitajiki, vaa viatu uondoke.

Fundi Cherehani
Yaani jicho linazima kwa sindano ya shavu?? Sikuwahi kulisikia hili.

Msoma Lebo
Si bora basi kuhamisha mafuta ya mwili wako mwenyewe, yatoke pajani yaje usoni? Hayo ni salama.

Tabibu wa Zamu
Siyo salama hivyo ndugu yangu. Mafuta yako yakiingia kwenye ateri yanaziba vile vile, na hayana kimeng'enya cha kuyayeyusha, ndiyo maana upofu wake ni mgumu zaidi kutibika. Pia yakishika usoni yanaendelea kuwa mafuta: ukinenepa baadaye nayo yananenepa.

Mpiga Picha
Tabibu asante sana, hii nimeihifadhi. Tusiache mada lakini. Wanaotumia sindano za kupunguza uzito je? Nyuso zao zinabadilika waziwazi.

Nesi wa Ngozi
Wanaita "uso wa Ozempic", jina la sokoni la dawa ya semaglutaidi. Dawa haichagui uso. Kinachotokea ni kilo nyingi kwa muda mfupi. Kwenye jaribio kubwa la semaglutaidi lililochapishwa mwaka 2021, wastani ulikuwa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Mwenye kilo 100 ametoa 15, na baadhi ya hizo ni msuli. Dozi ikipandishwa taratibu, protini na vyuma alivyosema Kocha vikafuatwa, uso unaathirika kidogo. Na ngozi inayoning'inia usiikimbilie kwa upasuaji: subiri kwanza uzito utulie kwa miezi kadhaa.

Kuthibitisha kwamba umri unasomeka kwenye mafuta ya uso na siyo kwenye mizani, kumbukeni stavudini. Ile ARV ilikausha mashavu na panja za watu ambao uzito wao ulikuwa wa kawaida, wengine hata wakiwa na tumbo. Mtu wa miaka 30 alidhaniwa 50. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua.

Kinyozi Bora
Stavudini umenikumbusha mbali dada. Sura zile tulikuwa tunazitambua mlangoni.

Tabibu wa Zamu
Jambo moja muhimu kuliko sura. Ukipungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, mwenye kilo 70 ni kilo 3.5, nenda ukapimwe sukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, VVU. Usishukuru kwamba umepata umbo.

Na upande wa kunenepa: shingo nyuma ikiwa nyeusi, nene, laini kama mahameli, usiisugue wala kuipaka krimu ya kung'arisha. Siyo uchafu. Mara nyingi ni insulini iliyozidi kwenye damu, na inafifia uzito wa tumbo ukishuka. Uso ukivimba mviringo ghafla huku mikono na miguu imekonda, angalia krimu zako. Nyingi za kung'arisha zina steroidi kali, na zinakondesha ngozi juu ya hayo yote.

Fundi Cherehani
Na mimi niache yangu. Aliyepungua asivae nguo za zamani akisubiri "nikirudi". Bega la shati likishuka chini ya mfupa wa bega, mtu anaonekana amekongoroka hata kama ana afya tele. Kiuno na ubavu vinapunguzika kirahisi, bega ni kazi kubwa, kwa hiyo nunua kwa bega kisha ubane pembeni. Kola nayo: vidole viwili viingie kati ya kola na shingo, vikiingia vinne shingo inaonekana ya mgonjwa. Mnene asibane. Kitufe kinachovuta kinachora mistari inayoelekeza macho tumboni. Aongeze sentimita 4 kwenye mzunguko wa tumbo na mshono wa bega ubaki pale pale.

Msoma Lebo
Kocha, mwenye BMI 19 na miaka 50, aongeze kilo?

Kocha Vyuma
Aongeze msuli kwanza. Kalori 200 hadi 300 juu ya anazotumia sasa, vyuma mara 3 kwa wiki, apime kila wiki asubuhi kabla ya kula. Akipanda gramu 200 kwa wiki inatosha. Akipanda kilo nzima, hiyo itakaa tumboni.

Nesi wa Ngozi
Na krimu ya kukinga jua SPF 30 au zaidi, mistari miwili iliyochorwa juu ya vidole viwili kwa uso na shingo, urudie kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Kolajeni inayoliwa na jua hairudishwi na kilo hata ziongezwe vipi.