Mjomba anataka mama atumie manjano na mafuta ya maganda ya korosho badala ya dripu za saratani

Kitinda Mimba, Newala:
Wakubwa shikamooni. Mama yangu amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana na anasubiri kuanzishiwa dripu. Mjomba, ambaye kwetu neno lake halirukwi, amesoma kwamba mafuta ya maganda ya korosho yana asidi ya anakadiki inayoua seli za saratani, na kwamba kukumini iliyomo kwenye manjano hufanya kazi hiyo hiyo. Ameleta chupa ya mafuta hayo na kopo la manjano, akitaka dripu zisubiri kwanza. Nishaurini, maana sitaki kumvunjia heshima.

Mbangua Korosho, Mtwara:
Mafuta hayo nayajua kwa mikono yangu: yakikugusa, ngozi inababuka na kuchubuka. Utumbo wenye mshono utayastahimili vipi?

Mfamasia, Lindi:
Alichosoma mjomba wako si uongo, ila seli hizo ziliuawa maabara, ndani ya vyombo, si tumboni mwa mgonjwa. Kukumini ikimezwa, kiasi kidogo sana huingia kwenye damu na nyingi hutoka na choo. Mweleze pia kwamba hospitali haidharau miti: irinotekani, mojawapo ya dawa za saratani hii, asili yake ni kamptothesini, iliyopatikana kwenye mti wa China na kutangazwa mwaka 1966. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, iliwaharisha na kuwatoa damu kwenye kibofu, majaribio yakasimamishwa. Ilibidi wanakemia waibadilishe, na irinotekani yenyewe iliidhinishwa Marekani mwaka 1996. Miaka 30 hiyo ndiyo ambayo chupa ya mjomba haijaipitia. Tena, ipo mimea inayopunguza nguvu ya dawa za saratani mwilini, kwa hiyo daktari aambiwe kila kitu ambacho mama anakunywa, na tarehe ya dripu isisogezwe kwa sababu ya kopo. Mwombe mjomba mwenyewe awasindikize, aulize kwa kinywa chake.

Kitinda Mimba, Newala:
Nimemsomea yote. Amekubali kwenda, ila anauliza kama manjano ya kwenye mchuzi nayo yamekatazwa.

Mfamasia, Lindi:
Ya mchuzi hayana neno. Vijiko vya unga kila asubuhi ndivyo vya kumuuliza daktari. Chupa ya mafuta iwekeni mbali na watoto.