Hattie McDaniel: alifungua mlango au alitumika?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi.

Tarehe 29 Februari 1940, sherehe za Oscar, hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Hoteli haikuwa ikipokea weusi, ikabidi mtayarishaji wa filamu David O. Selznick amwombee McDaniel, muigizaji mweusi, ruhusa ya kuingia. Wenzake wa filamu ya Gone with the Wind, ambamo alicheza yaya mtumwa, wakakaa pamoja, yeye akawekewa kimeza pembeni, ukutani. Usiku huohuo akaitwa mbele kuchukua Oscar ya muigizaji msaidizi, mtu mweusi wa kwanza kuipata. (Alipewa kibao, si sanamu. Hapo hakuonewa, waigizaji wasaidizi wote walipewa vibao enzi hizo.)

Miaka michache baadaye Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, akawa anawashambulia waigizaji weusi wanaokubali kucheza watumishi, na McDaniel akiwa wa kwanza kulengwa. Mimi nasema alionewa. Baba yake alizaliwa mtumwa. Mwenyewe, uchumi ulipoanguka, alikuwa mhudumu wa vyoo vya klabu huko Milwaukee kabla ya kwenda Hollywood. Na kanuni za filamu zilizokazwa mwaka 1934 zilipiga marufuku mapenzi kati ya weusi na weupe, kwa hiyo uhusika mkuu angeupatia wapi?

*

Mleta mada, unakwepa. Hakuna anayemnyima mtu riziki yake. Tazama kilichoonekana kwenye skrini: yule yaya hana hata jina, anaitwa Mammy tu. Hana mume, hana mtoto, utumwa umekwisha na bado anawang'ang'ania mabwana zake kama vile hana pa kwenda. Mzungu ambaye hajawahi kula meza moja na mweusi anatoka ukumbini akiamini hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Halafu 1947 McDaniel anapata kipindi cha redio cha kwake, Beulah, anacheza nani? Hausigeli.

*

Mkuu hapo juu, kwenye Mammy nakuunga mkono, lakini usimfanye mama wa watu kibaraka. Majirani wazungu wa West Adams, mtaa wa Los Angeles alikoishi, walipofungua kesi kuwaondoa weusi walionunua nyumba mtaani kwao, McDaniel ndiye aliyewakusanya wenzake nyumbani kwake kupanga utetezi. Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke akaitupa kesi, akisema weusi wamenyimwa haki zao za kikatiba vya kutosha. Hata nyumba yenyewe ilitokana na fedha za kucheza hausigeli.

*

Nimewasoma. Kuhusu jina la Mammy sina utetezi, hilo limeniingia. Ila mwulizeni White: alipokwenda kuzungumza na wakubwa wa studio mwaka 1942 kuhusu nafasi wanazopewa weusi, mbona hakukaa kwanza na waigizaji weusi wenyewe? Wao ndio wangekosa kazi, na kinyongo chao kilianzia hapo.

Na wanaosema angekataa tu, wamwangalie Lena Horne, mwimbaji mweusi. Aliingia studio ya MGM mwaka huohuo, familia na NAACP wakishinikiza asipewe nafasi za utumishi. Studio ikakubali. Ikawa mara nyingi anasimama peke yake na gauni zuri, anaimba wimbo, basi, hazungumzi na muigizaji yeyote, ili kumbi za majimbo ya Kusini ziweze kukikata kipande chake na hadithi isipungukiwe kitu. Mammy huwezi kumkata, filamu haiendi. Sasa niambieni, kati ya hawa wawili nani alidhalilishwa zaidi?